Meli ikifunga Laem Chabang: ziara ipi ununue kwenda Jumba la Kifalme la Bangkok

Ratiba ya meli imeandikwa "Bangkok", ila meli kubwa za kitalii hazifiki Bangkok. Zinafunga gati Laem Chabang, bandari ya makontena mkoani Chonburi, kilomita 120 hivi kutoka mjini. Meli ndogo ndizo hupanda mto Chao Phraya hadi bandari ya Klong Toey, mjini Bangkok. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza gati.

Halafu piga hesabu ya saa, maana hicho ndicho unachonunua. Tuseme meli inafunga gati saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Hadi mshuke na kupanda gari ni karibu saa mbili asubuhi. Barabarani ni muda wa saa mbili au zaidi, kwa hiyo mnafika baada ya saa nne asubuhi. Kurudi, foleni ya mchana ikikaza, safari huchukua hadi muda wa saa tatu, na meli inataka abiria wawe ndani nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Maana yake saa nane mchana muwe mmeshaondoka mjini. Mnabaki na muda wa saa nne pungufu. Ziara inayoahidi Jumba la Kifalme, mahekalu matatu, boti na chakula cha hotelini ndani ya muda huo inakuuzia dirisha la basi.

Njia ziko nne, nimezipanga kuanzia iliyo bora. Namba 1: gari dogo na mwongoza watalii mwenye leseni. Kwa watu wanne hadi wanane hakuna kinachoishinda. Bei hutozwa kwa gari, si kwa kichwa, kwa hiyo familia ya watano inapata nafuu. Uongozaji watalii Thailand umetengewa raia wa nchi hiyo kisheria, na mwenye leseni huvaa kitambulisho. Muulize wakala kama anayekuja ni mwongozaji au ni dereva tu. Dereva atawashusha na kuzunguka na gari, ndani mtaingia wenyewe. Kabla ya kulipa arubuni, pata kwa maandishi: tiketi zimo au hazimo, saa ya kuondoka mjini, hakuna kusimama kwenye duka la vito wala la mshonaji suti, na pesa inarudi ikiwa meli itashindwa kufunga gati. Duka la vito peke yake linaweza kula dakika 40, na kamisheni inakwenda kwa aliyewapeleka.

Namba 2: ziara inayouzwa na meli yenyewe. Kwa mtu mmoja au wawili, hii inapanda hadi ya kwanza. Basi la meli likikwama kwenye foleni, meli inalisubiri. Gari lenu binafsi likikwama, meli inang'oa nanga na ninyi mnatafuta ndege ya kuifuata bandari ijayo. Kasoro yake ni wingi wa watu: mkiwa 40, kila mkisimama kwenda msalani ni robo saa. Kukiwa na chaguo lisilo na chakula cha hotelini, chukua hilo.

Namba 3: basi la meli la kupeleka na kurudisha tu. Mara nyingi linashusha kwenye maduka makubwa katikati ya mji, mbali na jumba. Kwa meli inayolala bandarini usiku mmoja ni zuri sana. Kwa siku moja, hapana. Ukilichukua, panda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Sanam Chai. Hapo hekalu la Wat Pho, jirani na jumba, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Namba 4: dereva wa kumpata getini. Bei ya mdomo, hakuna mwongozaji, na hatari yote ya kuchelewa ni yako.

Ndani, anzeni na Jumba la Kifalme. Lilianza kujengwa mwaka 1782 na Mfalme Rama I. Tiketi ya mgeni ni baht 500 (baht ni pesa ya Thailand), na mauzo hufungwa saa 9:30 alasiri. Hekalu la Wat Phra Kaew, lenye sanamu iitwayo Buddha wa Zumaridi, limo humohumo. Wengi wanatafuta sanamu kubwa ya zumaridi na kuipita kwa macho: Buddha huyo ni wa jiwe la kijani la yaspi, ana kimo cha sentimita 66 tu, na amekaa juu kabisa ya kiti cha dhahabu. Nguo zake hubadilishwa mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Picha ndani hairuhusiwi, viatu vinabaki nje, na ukikaa chini kunja miguu nyuma, nyayo zisimwelekee.

Mavazi ndiyo yanayowakwamisha watu mlangoni. Suruali ndefu au sketi ndefu, na shati lenye mikono. Kanga ya kutupia juu ya blauzi isiyo na mikono inaweza kukataliwa. Dera linapita bila neno. Na mtu akikufuata nje ya ukuta na kukuambia jumba limefungwa leo, twende na bajaji nikuonyeshe kwingine, mpite. Ni mchezo wa zamani, na mwisho wake ni duka la vito. Sehemu kweli hufungwa kwa shughuli za kifalme, lakini hayo muulize askari wa getini.

Wat Pho, baht 300, ni ya pili. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46. Usigeuzie kichwani, nenda hadi miguuni, ambako nyayo zimenakshiwa kwa gamba la chaza, alama 108. Mgongoni kwake kuna mabakuli 108 ya shaba: unanunua kibakuli cha sarafu ndogo na kudondosha moja moja, na ukumbi mzima unalia ting, ting. Saa ikiruhusu, kivuko cha gati la Tha Tien kinakuvusha hadi hekalu la Wat Arun, ng'ambo ya mto.

Mnaotoka Afrika Mashariki au Congo: Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na visa ihakikishwe kabla ya kununua tiketi ya meli, si baada.