Miaka Mitatu ya Stashahada ya Uhandisi Ujenzi: Uzoefu Wangu

Nilihitimu Stashahada ya Uhandisi Ujenzi mwaka 2021 katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tanzania, na tangu wakati huo nimefanya kazi ya fundi sanifu, kwanza kwa kujitolea na baadaye kwa mikataba. Kila dirisha la maombi ya vyuo linapofunguliwa, wadogo zangu na watoto wa majirani waliomaliza kidato cha nne hunijia wakiuliza kama kozi hii inalipa. Nimeona niandike kwa utulivu yale niliyoyapata, kwa sababu jibu la ndiyo au hapana halimtoshi mtu anayetaka kutoa miaka mitatu ya ujana wake na fedha ambazo wazazi wake wamezipata kwa jasho.

Niliingia moja kwa moja kutoka kidato cha nne nikiwa na ufaulu wa Hisabati, Fizikia na Kemia. Masomo yamegawanywa katika ngazi tatu za NTA (tuzo za taifa za ufundi), yaani ya 4, ya 5 na ya 6, na hiyo ya 6 ndiyo stashahada yenyewe. Baraza linalosimamia ngazi hizo lilikuwa likiitwa NACTE nilipoanza, na mwaka 2021 likawa NACTVET. Anayeishia njiani huondoka na cheti cha ngazi aliyofikia, lakini waajiri wote niliowahi kuwapelekea barua waliulizia stashahada kamili, kwa hiyo simshauri mtu aanze huku akiwa amepanga kuishia katikati.

Mwaka wa kwanza hauna mengi ya kusimulia. Ni Hisabati, ni Fizikia, ni stadi za mawasiliano, na ni michoro mingi ya mkono iliyotulaza saa nane za usiku tukiwa na rula ya T na penseli zilizochongwa kama sindano. Wengi wetu tulinung'unika kwamba tunapotezewa muda ilhali dunia nzima inachora kwa kompyuta. Leo nashukuru, kwa sababu mtu aliyechora msingi kwa mkono wake, mstari mmoja baada ya mwingine, huiona kasoro iliyomo katika mchoro wa mwenzake kabla fundi hajachimba hata futi moja.

Utamu wa kozi ulianza mwaka wa pili, na ulianzia katika upimaji ardhi. Tulipewa levo (chombo cha kupimia tofauti za vimo), fimbo ya kupimia na daftari, tukaambiwa tutoke kwenye alama yenye kimo kinachojulikana, tuzunguke uwanja wa chuo, kisha turudi pale pale tulipoanzia. Kila unaposimamisha levo, unasoma kwanza fimbo iliyo nyuma, mahali penye kimo unachokijua, kisha iliyo mbele. Ukifika mwisho, ukitoa jumla ya usomaji wa mbele kutoka jumla ya usomaji wa nyuma, jibu ni lazima lilingane na tofauti kati ya kimo cha mwisho na kile cha mwanzo, na isipolingana umekosea hesabu na unatakiwa uirudie. Kosa la mahali penyewe, kama fimbo iliyoinama au namba iliyosomwa vibaya, hesabu hiyo hailioni. Hilo hujitokeza pale unapofunga mzunguko na kimo ulichoanzia kinakataa kurudi. Nililia machozi ya kweli siku ambayo mzunguko wetu ulikataa kufungika kwa sentimita 4 na mwalimu akatutoa tena juani saa saba mchana. Hata hivyo, sijawahi kukutana na somo lililonifundisha uaminifu kwa namna ya wazi kiasi kile, kwa maana daftari la vimo lililopikwa hugundulika mara maji ya mvua yanapokataa kufuata mtaro.

Maabara ya udongo na zege ndiyo moyo wa kozi hii, na ndiko nilikokuta upungufu mkubwa wa chuo changu. Tulikuwa wanafunzi 62, wasichana 9 miongoni mwetu, na seti ya kushindilia udongo ilikuwa moja. Kipimo hicho hufanywa kwa nyundo ya kilo 2.5 inayoachiwa idondoke kutoka milimita 300, mapigo 27 kwa kila tabaka, tabaka 3, na hurudiwa huku kiasi cha maji kikiongezwa hadi uzito wa udongo upande, ufikie kilele, kisha uanze kushuka. Mtu asiyeishika ile nyundo mwenyewe hawezi kuelewa kwa nini barabara hushindiliwa ikiwa na unyevu fulani, wala si ikiwa kavu kabisa au tope. Katika kundi letu la watu 10, wawili walipiga, mmoja aliandika, na waliobaki walisubiri namba ili wakanakili ripoti. Upande wa kompyuta hali ilikuwa hiyo hiyo: tulikaa wanne kwa mashine moja kujifunza AutoCAD, programu ya kuchorea michoro, na aliyekuwa mwepesi wa kushika kipanya ndiye aliyetoka na ujuzi. Sisemi haya kwa chuki. Walimu wetu walikuwa watu waliojitoa, na mmoja alikuwa akifungua maabara Jumamosi kwa hiari yake kwa yeyote aliyetaka kurudia kipimo. Jumamosi zile ndizo zilizonifanya niwe nilivyo, na mwanafunzi asiyezitafuta anaweza kabisa kuhitimu bila kugusa nyundo.

Mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa pili nilipangiwa kwenye ujenzi wa jengo la ghorofa nne. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, ambaye kila asubuhi nilimwamkia shikamoo naye akaniitikia marahaba binti yangu, kisha akanionyesha jambo ambalo halimo katika daftari langu: namna ya kufunga ringi zinazozishika nondo za nguzo zisiteleze, namna ya kuitegemea timazi upepo unapovuma, na namna ya kupata pembe mraba kwa kamba ya tatu, nne na tano. Kanuni ile niliisoma darasani kwa jina la Pythagoras, na yeye aliijua kabla sijazaliwa.

Siku moja tukimwaga nguzo, niliona vijana wa yule mzee wanaongeza maji kwenye zege, ndoo baada ya ndoo, ili lishuke kwa urahisi katikati ya nondo zilizobanana. Sikuthubutu kumkosoa mzee mbele ya watu, nikamwendea fomani, naye akaniagiza nilete koni nipime slampu, yaani zege bichi linashuka kiasi gani koni ikiinuliwa, pale pale. Mchoro ulitaka milimita 75; lile zege lilikaa chini kwa milimita 180. Kazi ilisimamishwa, lakini nguzo mbili zilikuwa zimekwisha kumwagwa. Tulichukua zege la nguzo hizo tukajaza kyubu, yaani vile visanduku vya chuma vya milimita 150 kila upande, tukaloweka vitofali vya zege vilivyotoka humo, kisha vikapasuliwa kwa mashine ya kupimia nguvu. Zege la daraja la 25, yaani la nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita mraba likifikisha siku 28, hutarajiwa kufikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake ndani ya siku 7. Letu lilipasuka kwenye 11, na siku ya 28 likaishia 17. Mhandisi mshauri aliamuru nguzo zivunjwe. Yule mzee alichukua nyundo mwenyewe akaanza kuvunja, na jioni akanifuata akaniuliza, "Binti yangu, hayo maji yanaliharibuje zege wakati linakauka gumu vile vile?" Nikamweleza kwamba saruji huhitaji maji kiasi fulani tu ili ishikamane, na yale yanayozidi hutoka baadaye yakiacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo hakumwaga nguzo bila kuniita na koni yangu.

Ghorofa liliporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na watu wakafa, kama walivyokufa katika jengo la Mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013. Habari za namna hiyo ninapozisikia, nakumbuka nguzo zetu mbili na mashine ile ya kupasulia. Mhandisi husaini michoro na hufika saiti kwa vipindi. Fundi sanifu ndiye anayekuwepo saa ambayo ndoo ya ziada inamiminwa. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaoiita stashahada kuwa ni njia ya walioshindwa kwenda kidato cha tano.

Kuhusu ajira, niwe mkweli: hakuna aliyenisubiri mlangoni. Nilijitolea kwenye halmashauri moja katika miezi ya mwisho ya mwaka 2021, wakati fedha za mpango wa UVIKO-19 zilipokuwa zikijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Kazi hiyo iliendeshwa kwa fosi akaunti, yaani hapakuwa na mkandarasi; shule ilinunua vifaa na kuajiri mafundi wa eneo lile, na idara ya ujenzi ikasimamia. Nilipewa shule tatu na nauli ya bodaboda. Hapo ndipo nilipojua kukadiria mifuko ya saruji bila kukosea, kukataa kokoto zenye vumbi, na kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji kwa heshima huku nikishikilia kwamba mkanda wa nondo hauwezi kurukwa kwa sababu ya haraka. Posho ilikuwa ndogo mno, lakini barua ya utambulisho niliyoipata pale ndiyo iliyonifungulia mkataba wa kwanza.

Katika utumishi wa umma, cheo cha kuanzia huitwa Fundi Sanifu Daraja la II, na nafasi zake hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, iwe kwa halmashauri, TANROADS ya barabara kuu na za mikoa, TARURA ya barabara za vijijini na mijini iliyoanza mwaka 2017, au RUWASA inayoshughulikia maji vijijini. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na nimefanya usaili wa kuandika mara mbili bila kufanikiwa. Sekta binafsi hupokea haraka zaidi, ila mkataba huisha pamoja na mradi, na mkandarasi mmoja niliyemfanyia kazi alinilipa mshahara wa miezi miwili baada ya nusu mwaka. Wenzangu wa darasa wametawanyika. Wawili wako kwenye maabara za vipimo, mmoja anapima barabara, mwingine ameingia kama mtaalamu wa kampuni ya ukandarasi ya daraja la saba, ambalo ndilo la chini kabisa kwa makandarasi wa majengo, na dada mmoja aliyependa hesabu za BOQ (orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi pamoja na gharama zake) anaandaa makadirio ya nyumba za watu binafsi na, kwa maoni yangu, ndiye mwenye kipato cha uhakika kutuzidi sote. Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili pia mafundi sanifu, na namsihi kila mhitimu ajisajili mapema badala ya kungoja tangazo la kazi ndipo aanze kukimbizana na fomu.

Anayetaka kuendelea na shahada azingatie kwamba vyuo vikuu huomba wastani wa GPA ya 3.0 au zaidi kwa anayeingia na stashahada, na wastani huo huharibika kwa uzembe mdogo wa muhula mmoja. Mimi nimeupata na nimeanza kuweka akiba. Kwa wasio na uwezo, Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, nafuu ambayo kizazi chetu hakikuiona; baba yangu aliuza ng'ombe wawili ili nifanye mitihani ya mwisho.

Kwa hiyo ningeichagua tena kozi hii, ila chuo ningekichagua kwa makini zaidi. Kabla ya kulipa ada, safiri ukakitembelee, uombe kwa adabu kuonyeshwa maabara, kisha mwulize mhudumu wake mambo matatu: levo zinazofanya kazi ni ngapi, kundi moja la kipimo huwa na wanafunzi wangapi, na ile mashine ya kupasulia kyubu ilihakikiwa lini kwa mara ya mwisho. Akikupeleka moja kwa moja kwenye mashine na kukuonyesha karatasi iliyobandikwa juu yake, jaza fomu.