New Road, Worcester: uwanja mzuri unaoonewa na mto

Worcestershire, timu ya kriketi ya kaunti nchini Uingereza, wamecheza New Road tangu karne ya 19, na kwa mandhari sijui uwanja wa kaunti unaoushinda. Kaa upande wa magharibi: kanisa kuu litakuwa mbele yako ng'ambo ya mto, na jua la jioni mgongoni. Hapa Don Bradman, mpigaji maarufu wa Australia, alifunga mikimbio 236 mwaka 1930, 206 mwaka 1934 na 258 mwaka 1938.

Tatizo ni mto Severn. Ukifurika huacha tope laini linaloziba vinyweleo vya udongo; mizizi hukosa hewa, nyasi hunyauka. Kuukausha uwanja huchukua wiki kadhaa. Mwaka 2024 mechi za kwanza za nyumbani zilichezwa Kidderminster, mji wa jirani, kwa sababu hiyo. Ukikata tiketi ya Aprili, hakikisha kwanza mechi haijahamishwa.