Volver: muvi ya Kihispania niliyoangalia na mama mkubwa hapa Uyole

Jana usiku nimeimaliza Volver kwa mara ya pili na kichwa bado kimejaa, kwahiyo naandika kabla haijapoa. Ni muvi ya Hispania ya mwaka 2006, muongozaji ni Pedro Almodóvar, staa ni Penélope Cruz, urefu wake ni masaa mawili na kidogo tu. Mara ya kwanza niliiangalia peke yangu. Hii ya pili nilikua na mama mkubwa, baridi ya Uyole mwezi wa saba si mnaijua, tumejifunika blanketi moja na chai ya tangawizi pembeni, na kwa vile maandishi ya chini yalikua ya Kiingereza ikabidi niwe namtafsiria, nasimamisha, namwambia wamesema nini, tunaendelea. Tukamaliza saa sita usiku.

Inaanzia makaburini. Wanawake wamejaa wanasugua makaburi na matambara, wanafuta vumbi, wanapanga maua, na upepo unavuma vibaya mno mpaka maua yanaanguka wanayasimamisha tena. Mama mkubwa hakusubiri hata tafsiri, akasema "hawa nao wana upepo wa Makambako". Na ndivyo, aliyewahi kushuka kwenye basi pale Makambako akiwa amevaa kitenge anajua naongelea nini. Kijiji chao kipo La Mancha, katikati ya Hispania huko, nchi kavu na tambarare, ndiko alikozaliwa huyo muongozaji mwenyewe, na watu wa kule wanasema upepo wa mashariki unawatia watu wazimu. Upepo huo huo unatajwa kwenye moto uliowaua wazazi wa Raimunda, mhusika mkuu, na dada yake Sole. Sisi tunaoona kila kiangazi mtu anachoma shamba lake afu moto unashika upepo unaruka mpaka kwenye miti ya jirani, hapo hatuhitaji kuelezewa zaidi.

Hapo makaburini kuna jirani anaitwa Agustina, yeye anasafisha kaburi lake mwenyewe, mzima kabisa, kalinunua na anasema huwa anaenda anakaa pale anatulia. Nilidhani mama mkubwa atashangaa. Akasema bibi alichagua pa kwake pia, kule Tukuyu, nyuma ya migomba, jioni alikua anaweka kigoda anachambua maharage hapo hapo. Sikuwa najua.

Stori yenyewe sasa. Raimunda (Penélope) anaishi Madrid, anafanya kazi za usafi, mume wake Paco kafukuzwa kazi anashinda na bia na mpira, wana binti wa miaka 14 anaitwa Paula. Siku moja Raimunda anarudi kazini usiku anamkuta binti amesimama kituo cha basi, kalowa mvua chapachapa, haongei. Kumbe yule baba kalewa kamvamia mtoto, na mtoto kamchoma kisu cha jikoni. Kitu cha kwanza ambacho Raimunda anamwambia mwanae ni kwamba akumbuke aliyemuua ni mimi, wewe hukuwepo. Hapigi kelele wala hazimii. Anachukua dekio anaanza kufuta damu. Jirani anagonga mlango, anaona damu shingoni kwake anamuuliza umeumia, anajibiwa ni mambo ya wanawake, basi, anaridhika anaondoka. Hicho kipande nimekirudia mara tatu kwa sababu ndio muvi nzima ilipo, yaani wanawake hawa wakisema "mambo ya wanawake" hakuna mwanaume anayeuliza swali la pili, na nyuma ya hayo maneno wameficha maiti, kansa, moto, kila kitu.

Maiti anaitia kwenye friza la mgahawa wa huyo jirani, ambae kasafiri kamuachia funguo. Afu wanakuja watu wanataka chakula cha mchana cha watu kama thelathini na Raimunda anasema ndio mgahawa umefunguliwa. Mfukoni hana kitu. Anapita kwa majirani njiani, huyu ana nyama, huyu ana soseji, nitakulipa kesho, na anapika. Mama mkubwa aliuza chakula Mwanjelwa miaka mingi, anajua kuanza siku na mchele wa kukopa, basi hapo alikua anaangalia sufuria kuliko waigizaji, na aliridhika, akasema huyu dada kweli anapika.

Halafu kuna mama yao, Irene, ambae alikufa kwenye ule moto. Anatokea kwenye buti la gari la Sole. Ni mzimu? Ni mtu? Sitasema. Sole ana saluni ya kificho nyumbani kwake, basi anamficha mama humo humo anawaambia wateja huyu ni Mrusi, hajui lugha, na bibi wa watu anaosha vichwa vya watu kimya. Raimunda akija kwa dada yake inabidi mama ajifiche chini ya kitanda. Inachekesha kweli kweli, ila ukifika mwisho unagundua kwa nini mama alikua anaogopa kuonana na mtoto mmoja na sio mwingine.

Kuna siri ambayo Raimunda ameibeba tangu usichana. Mama na binti wanaizungumza usiku, taratibu, wanatembea na kukaa. Nilipomaliza kutafsiri hicho kipande mama mkubwa akaniambia simamisha, akatoka nje kwenye ile baridi akakaa kama dakika kumi. Aliporudi akasema endelea. Hakuniambia kitu na mimi sikumuuliza.

Kasoro zipo. Hiyo bahati ya funguo za mgahawa imekaa kimuvi sana, na polisi hawaonekani kabisa wakati mtu mzima kapotea. Wanaume karibu wote ni wa hovyo au wamekufa, kuna wengine hilo litawakera. Kile kipindi cha TV ambapo Agustina anaulizwa maswali mbele ya watu kinakera, ila ndivyo inavyotakiwa, ni mgonjwa wa kansa, anashawishiwa atoe siri za watu ili alipiwe matibabu Marekani, na anainuka anaondoka. Nilimpenda kuliko wote.

Uigizaji ndio usiseme. Kule Cannes, kwenye tamasha la muvi la Ufaransa, zawadi ya muigizaji bora wa kike hawakumpa mmoja, waliwapa wanawake wote sita kwa pamoja, na ukiangalia utaona haikuwezekana kuwatenganisha. Carmen Maura anayeigiza mama alikua hajafanya muvi na Almodóvar tangu 1988, na jina lenyewe Volver maana yake ni kurudi. Ni wimbo pia, Raimunda anauimba mgahawani, sauti ni ya Estrella Morente, mama yake kajificha ndani ya gari nje anamsikia na machozi yanamtoka.

Msiweke watoto wadogo, mambo ya kumvamia binti yamo na yanazungumzwa wazi. Na kama unaangalia na mtu mzima asiyejua Kiingereza, tafsiri pole pole, usiruke maneno, kwa sababu wanawake hawa wanasema mambo makubwa huku wanaosha vyombo na ukipitiwa kidogo tu umeyakosa.

Mimi naipa tisa kwa kumi. Mama mkubwa leo asubuhi ameniuliza kama yule Mrusi ana muvi nyingine, basi kama kuna mtu hapa Mbeya anazo za zamani za Carmen Maura aniambie.