Nyota tano za nani? Kununua chakula cha paka mtandaoni ukiwa Mtwara

Niliagiza kilo mbili kutoka Dar kwa sababu ya nyota 4.8. Mzigo ukaja kwa basi, nikaenda kuupokea stendi ya Mkanaledi: mfuko mweupe wa plastiki, mdomo umezibwa kwa moto wa mshumaa, hauna jina la kampuni wala tarehe. Nikampa paka wangu, Shombo. Alinusa, akaparua sakafu kando ya bakuli kama anayefukia kinyesi, akajiondokea.

Usiku nikayasoma yale maoni moja baada ya jingine. "Mzigo umefika salama." "Muuzaji ana lugha nzuri." "Nimepokea, bado sijafungua." Huyo wa mwisho naye katoa tano! Jamani, hawa wanamsifu dereva wa basi.

Bei na ladha mtaziangalia wenyewe. Mimi nang'ang'ania tarehe: maoni yameandikwa paka akiwa amekula kwa muda gani? Chakula kibovu hakijitangazi siku ya kwanza. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waligundua paka waliokuwa wakiugua moyo kwa upungufu wa taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula, na chakula chao kilikuwa cha kiwandani, cha makopo na mifuko. Paka hao walikuwa wanakula vizuri tu. Wangeulizwa wiki ya kwanza, wangetoa nyota tano.

Kwa hiyo tafuta anayesema "huu mfuko wa tatu", au aliyepiga picha ya nyuma ya mfuko, panapoandikwa kama ni chakula kamili au cha nyongeza. Mmoja wa hivyo namwamini kuliko "asante dada" mia mbili. Angalia pia kama nyota za jodari, za kuku na hata za chakula cha mbwa hazijarundikwa ukurasa mmoja. Nimeliona hilo.

Namba moja kwangu ni Royal Canin, na upendeleo siufichi. Wanunuzi wake hurudi, ndiyo maana maoni yao yana miezi ndani yake, na mifuko imegawanywa kwa umri na hali ya paka. Ya pili Whiskas, hasa vile vipakiti vya mchuzi. Usitishwe na protini asilimia 8 ukilinganisha na 30 ya kikavu. Kipakiti karibu asilimia 80 ni maji. Yaondoe, hiyo 8 inakuwa kama 40, na 30 ya kikavu, ambacho maji yake ni kama asilimia 10 tu, inakuwa 33 hivi. Kampuni mama ya zote mbili ni Mars ya Marekani, kwa hiyo ugomvi wangu na mashabiki wa Whiskas ni wa ndugu.

Ya kupima kwa kilo, hapana. Ni mbuzi kwenye gunia.

Yule muuzaji nilimwomba picha ya gunia alilopimia. Akajibu, "Dada, mbona wenzako wameridhika?" Nauli ya mzigo nimelipa mimi, na kuurudisha Dar ni juu yangu pia; sisi wa Kusini tumezoeleka hivyo. Nikaweka nyota moja na picha ya ule mfuko wa mshumaa. Asubuhi maoni yangu hayakuwepo, na muuzaji alikuwa amenitumia ujumbe: "Usisahau kutupa nyota tano mpendwa."