CUPS kwenye Debian 12: seva ya kuchapia kwa ofisi ya kompyuta kumi

Nyota nne kati ya tano. CUPS, programu ya Linux inayopokea kazi za kuchapa na kuzipeleka kwenye printa, ni ya bure, haihesabu watumiaji, na ikishakaa sawa mtu anasahau kwamba ipo. Nyota ya tano imepotelea kwenye draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na printa), na hapo lawama nyingi ni za watengenezaji wa printa.

Programu yenyewe ni ya miaka ya 1990, kazi ya Michael Sweet. Apple walianza kuitumia kwenye Mac 2002, kisha wakainunua 2007. Siku hizi toleo la Linux linatunzwa na kundi la OpenPrinting. Debian 12, aina mojawapo ya Linux, inakuja na CUPS 2.4.2.

Mashine kwanza. Wengi hukimbilia kompyuta ya Raspberry Pi kwa sababu ni ndogo na inakula umeme kidogo. Inafaa kama printa yako inaelewa IPP, lugha ya kuchapa kupitia mtandao, bila draiva. Kama ni leza ya zamani ya USB, chukua kompyuta ya kawaida ya Intel: baadhi ya draiva za watengenezaji zilitolewa kwa prosesa hizo tu, na Canon LBP2900 ni mfano unaojulikana. Laptopu kuukuu yenye betri inayoshika chaji ni bora zaidi, maana umeme ukikatika seva haizimiki ghafla. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Hita yake ikianza kupasha huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo huzidiwa.

Kusakinisha ni kazi ya dakika chache. Kama root (msimamizi mkuu wa mashine): `apt install cups avahi-daemon`, kisha `usermod -aG lpadmin jina`, ukiweka jina lako la mtumiaji, ili uweze kusimamia printa, halafu `cupsctl --share-printers`. Usiongeze `--remote-any` kwa kunakili tu ulichokiona mahali. Inafungua mlango hata kwa walio nje ya mtandao wenu. Printa ya mtandaoni ifungiwe anwani moja kwenye ruta (hapa 192.168.1.50), kisha:

`lpadmin -p Laser1 -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere -o printer-is-shared=true`

Jina la foleni, hapa `Laser1`, lisiwe na nafasi. Hapo simu za Android na iPhone zilizo kwenye mtandao huohuo huiona printa zenyewe, kazi ya Avahi, huduma inayoitangaza printa kwenye mtandao.

Sasa matatizo. HP LaserJet 1020, ambayo bado imejaa kwenye steshenari zetu, haihifadhi programu yake ya ndani. Kila ikizimwa na kuwashwa inasubiri kompyuta iitumie faili la `sihp1020.dl`. Ikikosa, `lpstat`, amri inayoonyesha hali ya foleni, inasema kazi imekamilika, taa ya kijani inawaka, na karatasi haisogei. Sakinisha `printer-driver-foo2zjs` na uhakikishe faili hilo lipo kwenye `/lib/firmware/hp`.

La pili ni karatasi. Foleni ikibaki kwenye Letter ya Kimarekani, printa hupokea kazi, hupepesa taa ya rangi ya chungwa, ikisubiri karatasi ambayo hapa dukani huipati. Mtumiaji anabonyeza chapa tena na tena. Ukija kurekebisha, zinatoka nakala saba. Weka `lpadmin -p Laser1 -o PageSize=A4` siku ya kwanza.

La tatu ndilo linaloleta simu nyingi kwa fundi. Foleni ikiwa kwenye sera ya `stop-printer`, hitilafu moja tu, hata kebo kulegea, inasimamisha kila mtu, na kurudisha kebo hakuiamshi. `lpstat -p` itaonyesha `disabled`. Iamshe kwa `cupsenable Laser1`, kisha ubadilishe sera: `lpadmin -p Laser1 -o printer-error-policy=retry-job`. Bado haieleweki? `cupsctl --debug-logging`, tuma ukurasa mmoja, usome `/var/log/cups/error_log`. Ukimaliza zima kwa `cupsctl --no-debug-logging`, la sivyo logi inavimba.

Kwenye Windows, ongeza printa kwa anwani `http://192.168.1.10:631/printers/Laser1`, yaani IP ya seva. Ukitumia jina la seva badala ya IP unaweza kujibiwa `Bad Request`. Ongeza mstari `ServerAlias *` kwenye `/etc/cups/cupsd.conf`, kisha `systemctl restart cups`. Ukurasa wa usimamizi ukilalamika kuhusu cheti, ni kwa sababu seva imekitengeneza yenyewe. Ndani ya ofisi endelea tu.

Mwisho, `cups-browsed`, huduma inayotafuta printa za wengine kwenye mtandao. Septemba 2024 Simone Margaritelli alionyesha kwamba huduma hii, inayosikiliza ujumbe wa mtandao kwenye bandari ya UDP 631, ikiungana na dosari nyingine inaweza kumruhusu mtu wa nje kupandikiza printa bandia na kuendesha amri zake pale kazi inapotumwa. Marekebisho yalitoka, lakini seva iliyopangwa kama hapo juu haiihitaji kabisa: `systemctl disable --now cups-browsed`.