Fundi umeme anayelifuata gari nyumbani, Mbeya: uzoefu wangu na Corolla AE100

Kwa mwenye gari la zamani hapa Mbeya, fundi umeme anayekuja na vipimo vyake ana faida kuliko spea yoyote ya kubahatisha. Corolla yangu ni AE100, injini 5A-FE. Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Uyole imekolea, stata ilizunguka vizuri lakini injini haikushika. Gereji ya kwanza walifunga plagi mpya, wakapiga stata, wakazifungua tena na kuzikuta kavu. Hukumu ikatoka hapohapo: pampu ya mafuta imekufa, lete hela. Nilikataa, kwa sababu hakuna aliyeipima hiyo pampu.

Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa. Alipofika aliniambia, "Mwalimu, usinunue kitu kwanza."

Alianza kwa kusikiliza stata. Belti ya taimingi ikikatika, stata huzunguka nyepesi na haraka kuliko kawaida. Yangu ilikuwa na mapigo yaleyale ya siku zote. Hata hivyo alifungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawa moto kwa plagi, nikapiga stata, na rota ya ndani, ambayo huzungushwa kupitia belti hiyo, ikazunguka. Belti ipo. Kisha akachukua kipande cha waya, akaunganisha tundu za Fp na +B kwenye kile kiboksi cha kupimia kilicho chini ya boneti. Nilipowasha swichi pampu ikanguruma, na mpira wa mafuta ukakaza mkononi mwake. Pampu nzima kabisa!

Moto sasa. Plagi aliyoigusisha kwenye injini haikutoa cheche hata moja. Akahamishia waya wake kwenye tundu za TE1 na E1 za kiboksi kilekile, na taa ya injini kwenye dashibodi ikapepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne. Hiyo ni namba ya kosa 14. Kwenye Toyota za miaka hiyo maana yake kompyuta ya injini haipati ishara ya IGF, yaani jibu kutoka kwenye igniata (kifaa kinachoiamuru koili itoe cheche) kwamba moto umepigwa. Isipopata jibu hilo, kompyuta inazuia nozeli zisimwage petroli. Ndiyo maana plagi zilikuwa kavu! Mafuta yalikuwepo, yamezuiwa kwa sababu moto haupo. Gereji ya kwanza wangenifungia pampu mpya na gari lingebaki palepale.

Wengine wangeishia kuniambia ninunue igniata. Yeye alitoa mita, akapima umeme unaoingia kwenye hiyo igniata: haufiki. Akaufuata waya hadi kwenye soketi ambayo pini yake ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani. Akaweka pini nyingine, akabana vizuri. Injini ikashika mara moja.

Nililipa shilingi 40,000, nauli yake ikiwemo, bila spea yoyote ya dukani. Kasoro yake ni muda. Alisema atafika saa tatu asubuhi, akaja mchana bila hata kupiga simu, na kwa mtu mwenye vipindi vya kufundisha hilo linaumiza. Pia haandiki alichofanya. Namba ya kosa na rangi ya waya niliziandika mwenyewe.

Nitamwita tena. Ukimpigia, mweleze kwenye simu kama stata inazunguka na kama taa ya injini inawaka ukiwasha swichi, ili ajue abebe vifaa gani.