Ukivua gwanda la jeshi: shahada au kozi fupi ya kuandika programu za kompyuta?

Shahada ya sayansi ya kompyuta huchukua miaka 3 au 4. Inakupa hisabati, algoriti (hatua za kutatua tatizo) na mifumo endeshi, misingi isiyochakaa upesi. Grace Hopper, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alikuwa na uzamivu wa hisabati kabla ya kujiunga na jeshi la majini la Marekani mwaka 1943, na mwaka 1952 akatengeneza kikusanyaji chake cha kwanza, yaani programu inayotafsiri maagizo kuwa lugha ya mashine.

Kozi fupi huisha kwa miezi michache. Unatoka na lugha moja au mbili za programu na kazi za kumwonyesha mwajiri. Aliyehudumia redio au rada ningemshauri aanzie huku, maana kusaka hitilafu hatua kwa hatua tayari anakujua. Asiyewahi kugusa mitambo, na ana wa kumlipia ada, aende chuo.